Harusi Ikiharibika, Hasara ni ya Nani?

Juma hili nimepata barua ya mzee mmoja wa huko Rungwe, nami nimeona afadhali niijibu hapa barazani, maana neno analouliza linawahusu wengi, ingawa yeye limemfikia kwa njia ya mbali sana.

Mzee huyu ana kijana wake anayefanya kazi Uingereza. Kijana amepata mchumba, binti mwema wa kabila letu letu, naye yuko huko huko. Harusi yao itakuwa mwezi wa Agosti, na Desemba watakuja nyumbani ili ukoo nao wamwone bibi harusi na kula naye. Jioni moja kijana akampigia baba yake simu akamhesabia matayarisho yote: ukumbi umelipiwa, gauni limenunuliwa, chakula kimeagizwa. Mwisho akasema, "Na bima ya harusi tumekata, baba, pamoja na nyongeza tatu."

Mzee akanyamaza. Ananiandikia hivi: "Najua gari hukatiwa bima kwa kuwa laweza kugonga. Je, hawa watoto wameanza kutazamia kwamba ndoa yao itagonga? Na hizo nyongeza ni za nini? Nimeona aibu kumwuliza."

Mzee wangu, ondoa hofu kwanza. Ndoa yenyewe haikatiwi bima na mtu ye yote. Ni ahadi ya watu wawili mbele ya Mungu, wala hakuna kampuni inayoweza kukaa dirishani ikiipimia bei. Kinachokatiwa bima ni sherehe: ile siku moja, yenye ukumbi, magari, nguo, chakula na watu mia mbili walioalikwa. Mtoto wako hana mashaka na mkewe. Ana mashaka na mwenye ukumbi, na mvua, na mpiga picha. Hapo nadhani hata wewe ungemwunga mkono.

Sina budi kueleza jinsi bima hiyo ilivyo, kisha turudi kwetu.

Huko Uingereza na Marekani wenye harusi hulipa kampuni ya bima fedha kidogo mapema, miezi mingi kabla ya siku yenyewe. Kampuni nayo hutoa karatasi yenye ahadi zake. Ahadi kubwa, ambayo ndiyo shina la yote, ni hii: sherehe ikishindikana au ikiahirishwa kwa sababu isiyo kosa la wenye harusi, kama kifo au ugonjwa mkali wa mtu wa karibu, au ukumbi kuungua, kampuni itarudisha zile fedha zilizokwisha kulipwa na ambazo hazirudi tena. Mara nyingi gauni, pete, zawadi na picha huingia humo humo kwa kiasi fulani, ingawa kampuni nyingine, hasa za Marekani, huviuza mbali.

Nyongeza sasa ni matawi. Mtu huchagua lile analolihitaji na kulilipia zaidi. Iliyo kubwa ni ya madhara kwa watu wengine. Mgeni akijikwaa kwenye waya wa umeme akavunjika mguu, au watoto wakaangusha pazia la ukumbi juu ya mishumaa, mwenye harusi anaweza kudaiwa fedha nyingi sana. Huko Marekani kumbi nyingi hazikukodishii mpaka uonyeshe karatasi ya nyongeza hiyo, na kwa kawaida hutaka iwe ya dola milioni moja. Pembeni yake kuna nyongeza ya vileo: mgeni amelewa katika sherehe yako, ametoka, amemwumiza mtu, nawe unaulizwa kwa nini uliendelea kumjazia bilauri. Kuna nyongeza ya turubai, kwa wale wanaofanya sherehe uwanjani, maana hema kubwa la kukodi likichanwa na upepo mwenyewe hudai. Kuna ya wale wanaokwenda kufunga ndoa nchi nyingine. Iko hata nyongeza ya panga! Naam, wanajeshi wa Uingereza huwa na desturi ya kumsindikiza mwenzao kwa panga za heshima, na panga hizo za kuazima zikipotea au kuharibika, kampuni hulipa. Wahehe wangekuwa na soko kama wangetaka kukatia mikuki.

Lakini, msomaji, usidhani kampuni hizo ni masanduku ya sadaka. Zinaandika ahadi kwa herufi kubwa na makatazo kwa herufi ndogo. Kama bibi alikuwa mgonjwa tayari siku ulipokata bima, nawe hukusema, akifa kabla ya harusi huenda usipate hata senti. Kila dai hukatwa kiasi fulani ambacho mwenyewe hukibeba, hata kufuatia dai dogo ni kazi bure. Na mwaka 2020 watu wa Uingereza waliona jambo lingine. Ugonjwa wa korona ulipoingia, mwezi wa Machi kampuni nyingi ziliacha kuuza bima ya harusi kabisa, na tarehe 23 Machi serikali yao ikasimamisha harusi. Waliokuwa na karatasi tayari wakaenda kuzisoma upya, na wengi wakakuta kwamba ugonjwa wa kuambukiza, au amri ya serikali, haumo katika mambo yanayolipwa. Mwavuli ulikuwapo, bali siku ya mvua ile haukufunguka.

Liko swali ambalo najua mzee analo moyoni ila hakuliandika: je, mmoja akikataa dakika ya mwisho? Bima ya kawaida hailipi. Kampuni zinasema mtu hawezi kukatia bima moyo wake mwenyewe. Kampuni moja ya Marekani, Wedsure, ilijaribu kuuza nyongeza ya "kubadili moyo", lakini hata hiyo haikuwalipa bwana na bibi harusi. Ilimlipa yule asiye na kosa aliyetoa fedha, kama mzazi, tena iwapo uchumba umevunjika mapema sana kabla ya siku yenyewe.

Hapa nataka wazazi wa Mbeya na Iringa watege sikio, kwa sababu katika jambo hili sisi tuna kitu ambacho hakiuzwi na kampuni. Tunayo Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Sheria hiyo, katika kifungu cha 69, inamruhusu aliyevunjiwa ahadi ya ndoa kudai fidia mahakamani, ila si kwa mtu aliyekuwa chini ya miaka 18 alipotoa ahadi. Na kifungu cha 71 kinaruhusu kudai zawadi zilizotolewa kwa ajili ya ndoa ambayo haikufungwa, kama mahakama ikiridhika kwamba mtoaji alizitoa kwa sharti kwamba ndoa ifungwe. Sisemi mwende mahakamani kila uchumba unapovunjika. Mara nyingi wazee wa pande mbili wakikaa na mshenga huyamaliza vizuri zaidi, na kwa heshima. Lakini mbele ya wazee au mbele ya hakimu, mwenye stakabadhi husikilizwa, na mwenye maneno matupu huambiwa arudi kesho. Basi mama, zile karatasi za duka la vitambaa usizifungie maandazi.

Na kuna kinga nyingine ya zamani kuliko bima zote: matangazo ya ndoa kanisani. Watu hudhani ni desturi ya kusoma majina tu. Kazi yake ni kufichua kizuizi mapema, kabla ng'ombe hajachinjwa. Serikali nayo, kwa sheria hiyo hiyo ya 1971, inataka taarifa ya siku 21 kabla ya ndoa kufungwa. Nimepata kuona watu wakilipa ukumbi, mapambo, muziki na kila kitu, kisha ndipo wanakwenda kwa Padre kuuliza kama tarehe ipo! Hao wanajitafutia hasara wenyewe, wala hakuna bima ya dunia hii itakayowahurumia.

Sasa turudi kwetu.

Kijijini kwangu sijamwona wakala akibisha hodi kuuza karatasi ya bima ya harusi. Wazee wengi wakisikia neno bima huwaza gari tu, wala si ajabu. Shirika la Bima la Taifa lilianza mwaka 1963, na tangu 1967 mpaka miaka ya tisini lilikuwa peke yake katika biashara hiyo Tanzania Bara, na mwanakijiji alikutana nalo kwenye kioo cha basi. Hata hivyo nasema harusi zetu zina bima. Bima yetu ni daftari la michango. Ulimchangia jirani Sh. 20,000/- alipooza mwanawe, nawe ukioza atakuchangia. Anayekusanya ni mweka hazina, na kamati ya harusi ndiyo kampuni. Ni mpango mzuri, tena umewastahili watu wetu kwa miaka mingi. Una kasoro moja tu: unalipa gharama za sherehe, haulipi hasara ya sherehe iliyoharibika. Nitawapeni mfano wa nyumbani kwangu, nisije nikaonekana nasema ya wengine.

Mwaka 2016 nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya harusi ya mpwa wangu, upande wa Mufindi. Kamati ilifanya kazi yake vizuri. Majuma matatu kabla ya siku tulikuwa tumelipa ukumbi wote, Sh. 700,000/-. Tulikuwa tumempa mpiga muziki arabuni ya Sh. 200,000/-, na mpambaji Sh. 300,000/-. Harusi ilikuwa Jumamosi. Jumatano alfajiri bibi yake bwana harusi akafariki.

Hapo hapakuwa na mjadala, tukaahirisha. Yale maturubai tuliyoazima kwa ajili ya furaha tukayasimamisha kwa matanga. Baada ya mazishi nikaenda kwa mwenye ukumbi. Akanipa pole kwa uchungu kweli, akanikaribisha chai, kisha akasema fedha hairudi wala haihamishwi tarehe. "Mmenizuilia siku yangu, mzee." Nikamwuliza tulikubaliana hivyo lini? Naye akaniuliza, "Na tulikubaliana vingine lini?" Nikakosa la kusema, maana nilikuwa nimempa fedha mkononi, tumepeana mkono, basi. Mpiga muziki alizima simu. Mpambaji peke yake, dada mmoja mpole, alirudisha fedha yote.

Nikaitisha kamati, nikafungua daftari. Watu walikuwa wamekwisha kuchanga harusi, na juma lile lile wamechanga msiba. Nani angekuwa na uso wa kuwaomba mara ya tatu? Mwezi uliofuata vijana wakafunga ndoa yao kwenye Misa ya asubuhi, tukanywa chai na mkate nyumbani, nao wanaishi kwa amani mpaka leo. Lakini zile Sh. 900,000/- alizopoteza shemeji yangu zilikuwa zimekopwa kwenye kikundi cha kuweka na kukopa. Alizilipa kwa viazi vya misimu miwili. Mtoto wake wa nne alikaa nyumbani mwaka mzima akingoja ada.

Nimeyatafakari mambo hayo mara nyingi. Mstari mmoja tu wa maandishi ungemwokoa: "Harusi ikiahirishwa kwa msiba au ugonjwa, fedha hii itatumika kwa tarehe nyingine ndani ya miezi sita." Mstari huo haununuliwi. Wakati wa kuuomba ni kabla ya kutoa arabuni, mwenye ukumbi anapotabasamu. Ukisha kulipa, tabasamu nalo limelipwa. Mwombe atie sahihi, nawe utie, na mashahidi wawili. Akikataa kabisa, umejua ni mtu wa namna gani na ungali na fedha yako mfukoni. Fanya vivyo hivyo kwa mpishi, mpiga muziki na mwenye keki, wala usimlipe mtu yote kabla hajaifanya kazi. Mlipe kidogo mwanzoni, kiasi akileta vyombo, na salio akimaliza.

Nimesema sana juu ya fedha. Magari ndiyo yananiogofya zaidi, maana fedha hupatikana tena.

Ninyi mnaijua barabara yetu. Mnaujua mlima wa Kitonga na ule wa Nyang'oro, na miteremko ya Inyala na Iwambi upande wa Mbeya. Harusi ikiisha saa nne za usiku, kwaya ya kigango na akina mama wa jumuiya wanapandishwa juu ya lori lililoleta makreti ya soda asubuhi, dereva naye amekula na kunywa pamoja na wageni. Wanaimba njia nzima. Nani kati yao ameuliza habari za bima ya lori lile?

Sheria yetu inalazimisha kila gari barabarani liwe na bima ya madhara kwa watu wengine, ile tunayoiita bima ndogo. Bima kubwa hulipa pia uharibifu wa gari lenyewe. Lakini karatasi ya bima hutaja kazi ya gari. Lori limekatiwa bima ya kubeba mizigo. Likibeba watu, kampuni inaweza kukataa kulipa, nao majeruhi wakabaki kumtazama mwenye lori, ambaye huenda mali yake yote ni lori hilo hilo lililolala bondeni. Ni vivyo hivyo kwa gari dogo la maua. Umeliazima kwa binamu yako wa mjini, lina bima ndogo tu. Likipinduka, wale liliowagonga wanaweza kulipwa, ila gari la binamu halitengenezwi na mtu. Atakudai? Asipokudai, mtasalimiana? Na kama mwenyewe amelikatia bima ya matumizi ya nyumbani, kisha amelikodisha kwako kwa fedha, hapo napo kampuni ina mlango wa kutokea.

Nyongeza hii, basi, ndiyo ambayo ningependa kila kamati ya Mbeya na Iringa iinunue, na inauzwa kwetu kwa jina lake la kawaida: kodi basi la abiria lenye leseni na bima ya abiria. Ni ghali kuliko lori, ndiyo. Punguza keki. Mtume kijana wa kamati akaihakiki bima ya gari kwa namba yake. Siku hizi Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, yaani TIRA, imeweka njia ya kuhakiki hata kwa simu. Dereva aahidi mbele ya kamati kwamba hatagusa kileo siku hiyo, na apewe chakula chake mapema. Na saa ya kuondoka ipangwe mchana. Sherehe ya saa nane mchana ina furaha ile ile, na bibi wa miaka sabini hatapandishwa garini usiku kwa baridi ya Mufindi.

Habari za vileo nitazisema kwa ufupi, kwa kuwa mtasema nawahubiria. Huko Marekani wanazilipia nyongeza. Kwetu Iringa wakati wa mvua ulanzi unagema kwa wingi, nao una tabia yake: asubuhi ni mtamu kama juisi, jioni umechacha na kuwa na nguvu nyingine. Mgeni kutoka Dar es Salaam haijui tofauti hiyo. Kamati iweke mtu mzima mmoja, anayeheshimiwa na asiyekunywa, awe mwenye funguo. Akisema imetosha, hata mjomba mwenye ng'ombe wengi anyamaze.

Juu ya mvua, Nyanda za Juu hazina siri. Wengi wetu tunaoa baada ya mavuno, kati ya Juni na Oktoba, kukiwa kukavu, na hiyo ni bima ya bure waliyotuachia wazee. Anayetaka Desemba kwa sababu ndugu wa mjini wana likizo, akodi mahali penye paa, au darasa la shule kwa ruhusa ya mwalimu mkuu. Turubai jepesi la Tukuyu mwezi wa Desemba ni kichekesho. Kama hapana budi turubai litumike, ulizeni mapema likipasuka ni juu ya nani, na muandike kabisa.

Fedha za michango zisikae nyumbani kwa mweka hazina, hata awe katekista. Simjaribu mtu, bali moto na mwizi havijui vyeo. Ziwekwe benki au kwenye simu ya kamati, na watu wawili wajue zinavyotoka, na kila juma hesabu isomwe. Tena mtumie zilizoingia, si zilizoahidiwa. Ahadi ni neno jema, ila mchele wa Kyela hauuzwi kwa neno jema. Zawadi za fedha siku ya harusi zihesabiwe na watu wawili mahali pamoja na kuondoka mapema, si kuzungushwa ukumbini katika mkoba wa shangazi mpaka usiku wa manane. Gauni la kukodi likaguliwe na kupigwa picha mbele ya mwenyewe kabla ya kuchukuliwa, ili doa la zamani lisije likawa lenu. Na picha za harusi, mwambieni mpiga picha azihifadhi mahali pawili kabla hajaondoka. Bima za wenzetu picha zikipotea hulipia kuwakusanya maharusi tena, wavae tena, wapigwe tena. Kwetu nani atakusanyika tena? Babu mwenyewe picha ile moja ilimchosha.

Siku moja, pengine, wakala atafika kijijini na karatasi ya bima ya sherehe. Msimfukuze, wala msimpe fedha siku ile ile. Mwulizeni kitambulisho chake cha TIRA. Mwambieni awasomee kwa Kiswahili sehemu inayosema yasiyolipwa, maana yanayolipwa atayasema mwenyewe bila kuulizwa. Mwulizeni dai hupelekwa kwa nani, kwa muda gani, na kwa vithibitisho vipi. Mkikosana naye baadaye, iko ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, iliyowekwa na sheria ya mwaka 2009 kwa ajili ya kuwasikiliza watu kama ninyi.

Nawe mzee wangu wa Rungwe, usimwonee aibu kijana wako. Mpigie simu umwulize mambo matatu. Hizo nyongeza tatu ni zipi kwa majina? Je, wakati wa kukata bima alisema kwamba mama yake ana ugonjwa wa moyo, kama ulivyonieleza katika barua yako? Kama hakusema, aseme sasa, kwa maandishi. Na la tatu: sherehe ya Desemba huku nyumbani, imo katika karatasi hiyo au haimo? Bima iliyokatwa kwa siku moja ya Agosti Uingereza si lazima ivuke bahari kufika Tukuyu. Kama haimo, wewe ndiwe mwenye harusi ya pili, na mwezi wenyewe ni wa mvua. Nenda mapema kwa mwenye ukumbi, uchukue kalamu na mashahidi wawili. Ile karatasi mtakayoandikiana naye, ninaomba uniletee nakala, niwaonyeshe wasomaji wenzako ilivyoandikwa.